Besi ya laki sita kwa kwaya, Dodoma: mpya isiyo na jina, Yamaha ya mtumba, au ya nyuzi tano?

BesiNkuhungu

Wakuu, mbukwenyi! Kwaya imenikabidhi laki sita za gitaa la besi, na hela yenyewe imechangwa kwa shida, kwa hiyo naomba tujadili kabla sijaitoa. Nimebaki na tatu za kuchagua.

Ya kwanza ni mpya, iko duka moja hapa mjini. Umbo la Precision, ile besi ya Fender, jina la kichwani sijawahi kuliona popote, inakuja na mfuko na waya. Nikiichukua inabaki kama laki mbili. Ya pili ni Yamaha TRBX174 ya mtumba, iko Dar, haina mfuko na nyuzi zake zimechoka. Hiyo inamaliza hela karibu yote. Ya tatu ni mpya pia, nyuzi tano, inatumia betri, nayo jina halijulikani, bei inakaribiana na ya Yamaha.

Mwenyekiti wetu anasema tuchukue ya kwanza, halafu chenji tununulie pikapu nzuri (kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi) tuifunge. Vijana wanataka nyuzi tano kwa ajili ya sebene. Kanisani waya unaingia moja kwa moja kwenye mikisa, amplifaya ya besi hatuna. Nyie mngechukua ipi?

SeremalaIpagala

Mkuu, chukua yenye shingo nzima. Swali la jina lije baadaye. Pikapu, funguo za kukazia nyuzi, daraja linaloshika nyuzi mwilini, poti za kuzungusha sauti na toni, vyote vinafunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa. Shingo ikiwa mbovu, ukiibadilisha umeshanunua gitaa jingine.

Ukifika dukani, usianze kwa kuchomeka waya. Shika gitaa kama unavyolenga bunduki, jicho kichwani, tazama kingo mbili za shingo mpaka kwenye mwili. Ikipinda kidogo kwa mbele kama upinde, hiyo ni kawaida, chuma kilichomo ndani ya shingo kinairekebisha. Lakini ukiona ukingo mmoja umepanda na mwingine umeshuka, yaani shingo imejisokota, irudishe ukutani. Hakuna spana inayonyoosha msokoto.

Kisha toa kadi yako ya benki. Isimamishe kwa ukingo wake juu ya freti (vile vijichuma vilivyokatiza shingo) tatu zinazofuatana, upande mrefu kuanzia freti ya pili, upande mfupi ukishavuka ya kumi. Kadi ikicheza huku na huku, freti ya katikati imesimama juu kuliko wenzake, na hapo ndipo nyuzi zitakapokwaruza. Moja au mbili fundi anazipunguza. Zikiwa nusu ya shingo, achana nayo.

Angalia pia uzi wa kwanza na wa nne zinavyokimbia kuelekea mwisho wa shingo. Uzi mwembamba ukikaribia kudondoka pembeni, shingo haikufungwa sawa na daraja.

Na muulize muuzaji ana vipande vingapi vya aina hiyohiyo. Hizi za bei nafuu zinatofautiana sana kipande kwa kipande. Anavyo vitatu? Pima vyote vitatu.

FundiRedio_Majengo

Naunga mkono, nami niseme la pikapu kwa sababu wateja wengi huanzia hapo. Mwenyekiti ana nia njema ila hela inaenda pasipo na tatizo. Pikapu ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye sumaku, na hata za bei rahisi siku hizi zinatoa sauti inayokubalika. Kinachoharibu sauti kwa kawaida ni vitu vilivyoizunguka: poti zinazokwaruza ukizungusha, soketi iliyolegea, waya wa ethi uliochomewa risasi vibaya, na tundu la ndani lisilo na kinga dhidi ya mvumo.

Hayo yote ni kazi ya nusu siku mezani kwangu. Poti za kilo-omu 250, kapasita ya nanofaradi 47 ya toni, soketi nzima, na ndani tunabandika utepe wa shaba uliounganishwa na ethi. Foili ya jikoni nayo inakinga, ila risasi haishiki kwenye alumini, kwa hiyo inabidi uibane kwa skrubu.

Kabla ya kusema pikapu ni dhaifu, iinue. Zina skrubu pembeni. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2.5 hadi 3 kati ya uzi na pikapu. Ukisogeza karibu kupita hapo, sumaku inaanza kuvuta uzi na mlio unayumba.

Sasa kubwa zaidi. Umesema waya unaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Besi isiyo ya betri ikichomekwa kwenye tundu la kawaida la mikisa inapoteza nguvu na ung'avu, kwa sababu tundu lile linainyonya pikapu kuliko ilivyoundwa kubeba. Sauti inatoka kama imefunikwa blanketi, watu wanalaumu gitaa. Dawa ni kile kiboksi cha DI kinachokaa kati ya gitaa na mikisa ili pikapu isinyonywe. Kama hela inabaki, hicho ndicho ningenunua mimi, na uchague cha umeme, si kile cha transfoma cha rahisi kabisa.

Sebene_Kizota

Fundi yuko sahihi kuhusu DI, lakini mbona mnaipita ya nyuzi tano kama haipo? Ina betri, kwa hiyo tatizo la mikisa linapungua lenyewe. Na nyimbo za sasa za kusifu zinashuka chini. Mpiga kinanda akihamia Re au Do, mwenye nyuzi nne analazimika kupanda juu wakati wenzake wanashuka. Kwaya ikishazoea uzi wa tano hairudi nyuma.

DadaBesi_Chamwino

Kaka Sebene, nakuelewa, ninapiga nyuzi tano mwenyewe. Ila kwa bei hii ninamwambia asubiri. Uzi wa tano, ule wa Si, unatetema mara 31 hivi kwa sekunde. Mi ya chini ya nyuzi nne ni kama 41. Kwenye shingo ya inchi 34 uzi wa Si unahitaji shingo ngumu, daraja lililofungwa vizuri na uzi bora, la sivyo unalegea na unatoa ngurumo isiyo na noti ndani yake. Gitaa la bei nafuu linabanwa hapohapo. Wakikuuzia nyuzi tano kwa bei ya nne, jua kuna mahali wamepunguza.

Halafu niambieni spika za kanisani ni za inchi ngapi. Nyingi za kwetu haziwezi kutoa hata ile 41 kwa nguvu. Sikio linaijenga noti ya chini kutokana na mtetemo wa 82 na wa juu yake. Uzi wa Si kwenye spika hizo ni kulipia kitu ambacho waumini hawatakisikia.

Na kuna jambo la muziki wetu wenyewe. Kwaya za huku nyimbo nyingi zinapigwa na mwendo wa muheme, ngoma ya Wagogo, chini yake. Zile ngoma zimeshajaza sauti ya chini. Besi inayosikika katikati ya muheme ni yenye mgongo, noti inaanza na inaishia panapostahili. Pikapu ya kati ya Precision, ile iliyogawanyika vipande viwili, inatoa sauti hiyo tangu 1957 na bado ndiyo wengi wanaiiga. TRBX174 inayo hiyo pamoja na ya pili karibu na daraja.

Wakitaka sana kushuka, gitaa la nyuzi nne linaweza kuvishwa nyuzi nne nene za seti ya nyuzi tano, Si Mi La Re. Ila mifereji ya kidaraja cha kichwani, pale nyuzi zinapopita kuingia kichwani, itabidi ipanuliwe, na ikishapanuliwa nyuzi za kawaida zitacheza ndani yake.

Mwl_Makole

Mimi nafundisha vijana besi, na naona wengi wanabadilisha vifaa kabla gitaa halijarekebishwa. Besi nafuu iliyorekebishwa vizuri inapigika kuliko ya gharama iliyoachwa kama ilivyotoka kwenye boksi.

Kwanza nyuzi mpya, za nikeli, unene wa 45 kwa 105. Kisha bonyeza uzi wa Mi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kwa wakati mmoja. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Tunataka karibu milimita 0.3. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama 0.1, basi karatasi tatu zipite zikigusa kidogo. Nafasi ikizidi, kaza chuma cha shingo robo mzunguko, si zaidi, na usubiri kabla ya kupima tena. Kama hakizunguki, usikilazimishe.

Baada ya hapo shusha vitandiko vya daraja, vile vinavyobeba nyuzi, mpaka nyuzi ziwe kama milimita 2.5 juu ya freti ya 12, na mwisho upime usahihi wa noti. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, tuni, kisha bonyeza freti hiyohiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fuata mpangilio huu huu, maana shingo ikihama, kila kipimo kingine kinahama nayo.

Nyongeza kwa anayetoa gitaa Dar. Kule hewa ina unyevu wa bahari, hapa kwetu mvua ni ya Desemba hadi Aprili na miezi iliyobaki ni ukavu na upepo. Mbao inasinyaa. Gitaa lililonyooka Kariakoo linaweza kufika hapa likaanza kukwaruza, na ncha za freti zikachomoza pembeni zikakukata kidole. Hiyo si dalili ya gitaa bovu. Liache likae kwenye mfuko wake wiki kadhaa, ndipo ulirekebishe na kupiga tupa ncha za freti.

BesiNkuhungu

Nashukuru sana wakuu, na dada. Leo nimeenda dukani na kadi ya benki. Ile ya kwanza anazo tatu. Moja imejisokota wazi kabisa, ya pili freti nyingi zinacheza. Ya tatu imenyooka, kadi imecheza sehemu moja tu, freti ya 14. Poti ya toni inakwaruza na uzi mwembamba una noti moja inayokufa haraka, freti ya sita. Hiyo ya kufa inanitia hofu. Ya nyuzi tano funguo zake zinateleza, nimeiacha. Mwenye Yamaha nimemwomba picha ya shingo akatuma ya mbele tu.

SeremalaIpagala

Noti inayofifia kati ya freti ya tano na ya saba kwenye uzi mwembamba ipo hata kwenye besi za mamilioni zenye shingo ya kufungwa kwa skrubu. Ni mtetemo wa shingo yenyewe unaomeza ule wa uzi. Isikutoe kwenye reli.

Mimi ningechukua hiyo ya tatu ya dukani. Umeishika, umeipima. Yamaha kwa kawaida ingeshinda, viwanda vyao vinasimamia shingo vizuri, lakini hiyo ya Dar hujaiona, na hela ikiishia hapo hakuna DI, nyuzi wala fundi.

DadaBesi_Chamwino

Hapo sikubaliani kabisa, mzee wangu. Mali ya kwaya siku moja itauzwa, na Yamaha ina mnunuzi siku zote. Treni ya SGR ipo, mtu anaenda asubuhi anarudi jioni. Ningetuma mpiga besi mmoja aende na kadi yake. Ila asipopatikana wa kumwamini, basi ya dukani, na ile poti apelekewe fundi.

FundiRedio_Majengo

Poti ilete. Na mkianza kutumia, shika nyuzi huku spika ikiwa wazi. Mvumo ukipungua ukigusa, hiyo ni kawaida, mwili wako umeunganishwa na ethi ya gitaa. Mvumo ukiongezeka, au ukihisi umeme midomoni unapokaribia maikrofoni, simamisheni mazoezi na muite fundi umeme aangalie ethi ya jengo. Hilo si la gitaa, na linaua.

BesiNkuhungu

Hakuna wa kutuma Dar kwa sasa, kwa hiyo nachukua ya tatu ya dukani. Chenji itakwenda kwenye DI, nyuzi, poti na marekebisho. Swali la mwisho: kidaraja cha kichwani ni cha plastiki laini na noti za freti ya kwanza zinapanda juu nikibonyeza. Kuna mtu aliniambia cha shaba kinabadilisha sauti yote. Kweli?

SeremalaIpagala

Kinabadilisha nyuzi zikiwa wazi tu. Ukishabonyeza freti yoyote, uzi unaanzia kwenye freti, kidaraja hakihusiki. Noti kupanda ni kwa sababu mifereji iko juu mno. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, angalia juu ya ya kwanza: ibaki nafasi ya karatasi moja tu. Ikizidi, mifereji ichimbwe kidogo kidogo.

Ukitaka kigumu zaidi usinunue, tengeneza cha mfupa. Nenda buchani Sabasaba, omba mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene. Chemsha mafuta yatoke, usafishe, uuanike kivulini mpaka uwe mkavu kabisa, kisha ukate na kusugua kwa msasa. Vaa barakoa, vumbi la mfupa ni baya kifuani. Acha urefu wa ziada kidogo pande zote, uniletee pamoja na gitaa, mifereji nitaichimba nyuzi mpya zikiwa tayari zimefungwa.