Wifi yangu kakimbia kipigo na watoto watatu, tumejazana chumba na sebule. Naombeni ushauri kuhusu nyumba salama

mama_wawili
Habari za usiku wapendwa, uzi wangu ni mrefu kidogo ila naomba mnisome mpaka mwisho maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Nakaa Tabata, tumepanga chumba na sebule mimi na mume wangu na watoto wetu wawili. Wiki mbili zilizopita saa nane usiku mlango ukagongwa, kufungua ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, kaja na bajaji kutoka Mbagala, mtoto wa miezi tisa mgongoni na wale wengine, wa kiume miaka minane na wa kike mitano, kawashika mikono. Hana pochi, hana simu, jicho moja limeziba na mkono wa kushoto hauinuki. Bajaji tulilipa sisi.

Sio mara ya kwanza, ni ya nne kwa zile tunazozijua. Mara zote tatu wazee walikaa kikao, mwanaume akaomba msamaha, akarudishwa. Safari hii kasema harudi na mimi namwamini. Sasa shida ni pa kumweka. Tuko wanane humu ndani, usiku tunatandika magodoro mpaka mlangoni, mwenye nyumba kaniita mara mbili kuniuliza wageni wanaondoka lini, choo ni cha wapangaji wote na maji tunanunua kwa ndoo. Mume wangu anampenda dada yake lakini baba mkwe kapiga simu kasema mahari ilishaliwa na mwanamke hakimbii nyumba yake, tangu siku hiyo mume wangu kanyamaza tu. Na huyo shemeji ameshajua yuko kwetu. Juzi alikuja kasimama barabarani, hakusema kitu, akaangalia akaondoka. Watoto walikuwa uvunguni mwa kitanda kabla mimi sijamuona.

Nasikia kuna nyumba za kuwahifadhi wanawake kama hawa. Zipo kweli Dar? Mtu anaingiaje, analipia? Watoto wote watatu watapokelewa? Kuna mtu kaniambia huko unanyang'anywa simu na kufungiwa kama mahabusu. Na akimaliza hiyo miezi yake anatoka anaenda wapi, maana hana kazi na hana hata kijiko.

Mzee_Kondo
Pole sana mwanangu. Mimi ni mtu mzima, nimesuluhisha ndoa nyingi, na mara nyingi nimeona haraka ya kutengana inaumiza watoto. Ningeshauri wazee wa pande zote mbili wakae tena, safari hii mwanaume aandike kwa mkono wake kwamba hatorudia, mashahidi wasaini.

msaidizi_wa_kisheria_TMK
Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe. Vikao vitatu vimeshafanyika na mkono hauinuki. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi mtu hana haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, sasa karatasi ya kuahidi kutovunja sheria inaongeza nini kwenye sheria yenyewe?

Dada mama_wawili, kwanza hospitali, kesho asubuhi, huo mkono umekaa wiki mbili. Kwa kuwa uko Tabata nenda Amana, pale kuna kituo cha mkono kwa mkono, maana yake daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri wanapatikana sehemu moja, hamzungushwi na mgonjwa mji mzima. Atapewa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, hiyo fomu ni bure na mtu asiwaambie vinginevyo. Majeraha mpige picha leo leo kabla hayajapona, picha zitunzwe kwenye simu yako wewe na ya mtu mwingine. Polisi muombe dawati la jinsia na watoto, msiongelee kaunta mbele ya watu, na msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Na lile la mume wake kuja kusimama barabarani mlieleze pia, watu wanaliruka hilo wakati ndo linaonyesha hatari bado ipo.

Nyumba salama zipo, ila mtu haendi mwenyewe kugonga geti, na hutaona bango. Anapelekwa na afisa ustawi wa jamii au dawati. Halipi. Mvulana wa miaka minane kwa kawaida anaingia na mama yake, wanaosumbua ni wale wakubwa wanaokaribia kubalehe, hapo nyumba nyingi zinakataa kwa kuwa wanawake wanalala pamoja, na nimeona mama anakataa hifadhi kwa sababu hiyo tu. Kama kuna wasiwasi juu ya watoto wenyewe piga 116, ni simu ya watoto na ni bure.

Kuhusu ndoa yenyewe, talaka inaanzia baraza la usuluhishi, la kata au la dini yake, wakishindwa kusuluhisha wanatoa hati ndo anakwenda nayo mahakamani. Asidanganywe kwamba kwa kuwa hakuwa na ajira hana chake. Tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Na mtoto wa chini ya miaka saba sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba anafaa kukaa na mama yake, asitishwe eti atanyang'anywa yule wa miezi tisa. Wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa kwa sheria ya 2017 na huduma yetu ni bure, ukipata wa kata yako atamsindikiza.

Bint_Rufiji
Mimi nimekaa nyumba salama miezi minne na wanangu wawili, kwa hiyo hili la jela nikuambie nilivyoliona mwenyewe.

Simu ni kweli walichukua, siku za mwanzo. Nilikasirika sana. Baadaye nikaja kuelewa, maana kabla yangu alikuwepo dada mmoja aliyempigia mama yake kumtoa wasiwasi, mama kwa uchungu akamwambia mkwewe, na mkwe akafika getini, ikabidi wanawake wote na watoto wahamishwe usiku uleule. Siku zile za kwanza niliruhusiwa kupiga kwa simu ya ofisi, mama mlezi yuko pembeni. Geti linafungwa ndio, lakini linafungwa kwa ndani, na usiku wa kwanza nilipolisikia linafungwa nililala mpaka saa tatu asubuhi, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu niolewe.

Humo ndani ni maisha ya kawaida tu, zamu ya kupika, zamu ya choo, ugomvi wa sabuni, mshauri anakuja siku mbili kwa wiki. Watoto ndo kazi. Wa kwangu sufuria ikidondoka jikoni anajikojolea. Mwingine wa jirani yangu wa kitanda alikuwa anaficha vipande vya mkate chini ya mto kila usiku, mama mlezi akakataza mtu yeyote asimgombeze, akawa anamwekea mkate wake kwenye kikopo chenye mfuniko, baada ya wiki kadhaa akaacha mwenyewe. Mwambie wifi yako ajiandae kwa hayo, asiwapige watoto wakifanya vituko.

Sasa swali lako la mwisho ndo lenye uzito kuliko yote. Mimi kabla ya hapo nilisharudi kwa yule mwanaume mara mbili. Ndugu walisema nampenda, wengine nimerogwa. Hapana jamani. Nilirudi kwa ajili ya kodi. Chumba cha elfu hamsini mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka mwezi wake, hapo ni laki tatu na nusu kwa mkupuo, hujanunua godoro, hujanunua ndoo, na huna kazi, na watoto wanasema mama tunaenda wapi. Kule kwenye kipigo kulikuwa na bati juu. Mtu ambaye hajawahi kusimama na watoto jioni hajui pa kuwalaza asimcheke anayerudi.

Safari ya tatu sikurudi kwa kuwa shirika lenye ile nyumba salama lilinilipia kodi ya miezi sita na kunipa mtaji wa vitumbua, jiko, karai na unga wa kuanzia. Ushauri ulinisaidia, sikatai, lakini kilichonitoa ni ufunguo. Kwa hiyo mnapomtafutia nafasi muulizeni afisa ustawi mapema kabisa, akitoka anaenda wapi? Msisubiri wiki ya mwisho.

mama_wawili
Dada Bint_Rufiji nimesoma nikalia, nimemsomea na yeye. Kasema ndivyo ilivyo, mara zote tatu alirudi kwa kukosa pa kulala, ila kikaoni hakuna aliyemuuliza.

Mwana_Likoni
Pole sana dadangu. Mimi niko Mombasa, huku Kenya tuna sheria ya 2015 ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani, korti inaweza kumtoa yule anayepiga akae kwengine na mke na watoto wabaki, hata kama nyumba ni yake yeye. Dada yangu alipata hiyo oda. Ilichukua muda na ilibidi chifu asukumwe, lakini watoto hawakubadilisha shule. Wakenya wanaosoma hapa, namba ya kuripoti dhuluma za kijinsia ni 1195, ni bure. Naona ndugu zetu wa Tanzania Bara mngeipigania sheria ya namna hiyo, maana kwa nini aliyeumizwa ndiye awe anatafuta pa kulala?

kikoba_kigamboni
Nimesubiri niongee kwa sababu sisi hatuna shirika, ni akina mama kumi na nne wa kikoba huku Kigamboni. Kikoba kina mfuko wa jamii, kila mtu anajua, wa misiba na kuuguliwa. Mwenzetu mmoja alipigwa mpaka akapoteza mimba, akaja kuomba mfuko, tukamjibu katiba haimruhusu, hajafiwa wala haumwi. Nasema tukamjibu, nilikuwepo na mimi nilinyoosha mkono. Alirudi kwake. Baada ya pale tulibishana karibu mwaka mzima kama kipigo ni janga au sio janga, mwisho tukabadilisha katiba, na hela ya mfuko tukapanga chumba kimoja, kina kitanda, magodoro mawili, jiko la gesi dogo, ndoo na pazia zito. Basi.

Wanaojua kilipo ni watatu tu kati yetu. Mjumbe tunamwambia, asije mwanaume akasema tumemteka mkewe, na afisa ustawi wa kata tunampigia siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Mtu anakaa hadi wiki sita. Kama mwanaume anatishia panga au ana silaha hatupokei, sisi hatuna ulinzi, tunamsindikiza dawati mpaka apelekwe kwenye nyumba salama yenyewe.

Na niseme kitu kwa wanaopenda kusaidia. Nguo tunaletewa viroba na viroba. Tunachokosa ni umeme wa LUKU, pedi, pampasi, nauli ya kwenda baraza (anaitwa mara tatu mara nne na kila siku mwanaume hatokei), hela ya sare za shule mpya, na kodi ya pale anapokwenda akitoka. Shule ya msingi ya serikali ada hakuna lakini mtoto haendi uchi na bila daftari, na uhamisho unadai mtu arudi shule ya zamani kuomba barua, mtaa uleule alikokimbia. Barua tunakwenda kuchukua sisi, tunavaa madera ya sare kama tunakwenda shughulini, watatu watatu.

Dada wa Tabata, nimekutumia namba yangu kwa ujumbe. Sisi na Tabata mbali ila tutaongea.

Mzee_Kondo
Nimesoma yote. Yule binti wa Rufiji kanigusa. Katika vikao vyangu vyote sijawahi kumuuliza mwanamke atalala wapi asiporudi. Niondoleeni ushauri wangu wa mwanzo, na huyo baba mkwe kama atakubali kuongea na mzee mwenzake mimi nipo tayari kumpigia.

mama_wawili
Wapendwa narudi na majibu, ni siku ya tisa leo. Tulikwenda Amana, picha imeonyesha mtulinga umevunjika, ndo maana mkono haukuinuka, umefungwa. PF3 tumepata, RB tunayo, yule dada wa dawati alimsikiliza zaidi ya saa nzima na hakumkatisha. Ustawi walituzungusha siku nne, nafasi hakuna, nafasi hakuna, siku ya tano wakapiga simu mchana kwamba jioni gari linakuja. Watoto wote watatu wamepokelewa.

Mume wangu siku zote hizi alikuwa kimya. Gari lilipofika ndo akambeba yule mdogo mpaka ndani ya gari, akarudi akampigia baba yake mbele yangu, akamwambia baba, mtulinga umevunjika, kama mahari inadaiwa nitailipa mimi kidogo kidogo. Baba mkwe alikata simu. Mzee Kondo nakutumia namba yake, mpigie tafadhali, labda wewe atakusikiliza.

Nimemuuliza afisa kama Bint_Rufiji alivyosema, akitoka anaenda wapi. Kasema kodi hawana uhakika nayo. Kwa hiyo tumeanza kuchanga wenyewe, mimi, mume wangu, dada mmoja wa kikoba na jirani yangu wa mlango wa tatu ambaye hata hatukuwa tunasalimiana vizuri. Mpaka leo tuna laki moja na elfu ishirini. Chumba tunatafuta Kinyerezi au Segerea, mwenye nyumba awe anapokea miezi mitatu, anayejua kimoja anijulishe, choo cha ndani sio lazima ila geti liwe linafunga.