Tupeane uzoefu: bajeti za Mzee Msuya mlizipokeaje nyumbani?

Kijana wa Usangi: Tangu Mzee Cleopa Msuya afariki Mei 2025, wenzangu wanamtaja kama Waziri Mkuu mstaafu tu, ilhali alishika Fedha mwaka 1972, Viwanda mwaka 1975, Uwaziri Mkuu mwaka 1980, akarejea Fedha mwaka 1983, kisha mwaka 1994 akawa tena Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Shikamooni wakubwa, mliokuwepo tusimulieni.

Bibi Sembe: Marahaba. Umenikumbusha Juni 1984, bajeti iliyoondoa ruzuku ya sembe. Baba aliweka redio dirishani, majirani wakajaa uani, na hotuba haijaisha mama akanituma dukani na kikapu. Kumbe mwenye duka naye alikuwa anasikiliza. Alikwisha kufunga kufuli, anasema unga umekwisha, na magunia tunayaona kupitia nondo. Mama mmoja mjamzito akauegemea mlango akasema hatoki hapo, sisi wengine tukamsukumia kwa nyuma bila kukusudia, bawaba zikang'oka, gunia likapasuka, tukazoa unga kwa khanga. Jioni baba alikwenda kulipa bei ya zamani, mwenye duka akadai mpya, wakafikishana kwa balozi wa nyumba kumi, naye akaamua kwamba mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo bei ni ileile.

Karani Mstaafu: Balozi huyo alistahili kuwa jaji.

Mla Yanga: Hamsemi kwamba bajeti hiyohiyo iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na ndipo sabuni na nguo zikaanza kuonekana madukani.

Bibi Sembe: Zilionekana, mwanangu, lakini kuona si kununua.

Mla Yanga: Mama, nchi haikuwa na fedha. Mzee Msuya aliposema kila mtu atabeba msalaba wake, alisema ukweli mchungu.

Karani Mstaafu: Ukweli huo ulisemwa na mtu mwenye gari la serikali. Hata hivyo nakiri alikuwa mtaalamu, kwani mwaka 1986, tulipokubaliana na IMF chini ya Mzee Mwinyi, Fedha ilikuwa mikononi mwake.

Kijana wa Usangi: Mbona basi urais wa 1995 ulimpita?

Karani Mstaafu: Aliingia tatu bora ya CCM pamoja na Mkapa na Kikwete, akawa wa tatu, na duru ya pili wakabaki wale wawili. Ukitaka kumwelewa, soma Hansard, yaani kumbukumbu za Bunge, usisikilize vijiwe.

Mla Yanga: Hansard haina foleni ya sembe. Kawaulize bibi zako.

Mjukuu wa Ugweno: Samahani, yule mama mjamzito alipata unga?

Bibi Sembe: Alipata kuliko sote, na mwenye duka alimdai hadi alipojifungua.