Mjadala: Ramana aliufikia ukweli bila guru, hekalu la nini?

Mleta mada
Wadau, naomba tulijadili hili. Mwaka 1896, Ramana Maharshi, yule mtakatifu wa Kihindu, akiwa kijana wa miaka 16 pale Madurai, India kusini, alishikwa ghafla na hofu ya kufa. Hakumwita mtu. Alijilaza, akajinyoosha kama maiti, akafumba midomo, akajiuliza: mwili huu ukifa, na mimi nakufa? Wiki chache baadaye aliondoka kwao akaenda mlima mtakatifu wa Arunachala, na hapo hakutoka mpaka alipofariki 1950. Hakuwa na guru, yaani mwalimu wa kiroho, wa kumfundisha. Waliomjia na maswali aliwarudisha kwenye swali moja: Mimi ni nani? Sasa sanamu za nini, hekalu la nini? Kujichunguza ndiyo njia yenyewe. Bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu, hizo nyimbo na maua, ni ngazi ya wasiosoma.

MjukuuWaMombasa
Mkuu, ungeishia kwenye guru ningekusikiliza. "Wasiosoma"? Bibi yangu hakukanyaga darasa hata siku moja. Kila alfajiri alimwamsha Krishna wake, sanamu ndogo ya shaba ya huyo mungu, akamwogesha kwa maziwa na maji, akamvisha nguo alizomshonea mwenyewe, akamtengea siagi na sukari. Nyumba nzima hakuna aliyetia kitu mdomoni kabla Krishna hajatengewa. Asubuhi ya pili baada ya kuuchoma mwili wa marehemu babu alifanya vilevile, machozi yanamtiririka, akamwambia: "Kula wewe, mimi leo siwezi." Nyimbo za Narsinh Mehta, mshairi wa Krishna wa Kigujarati, alikuwa nazo kichwani, ubeti kwa ubeti. Niambie huyo alikuwa anatafuta nini ambacho wewe umeshakipata.

Msomaji_Kisutu
Dada, punguza hasira kidogo. Swali hili shujaa Arjuna alimuuliza Krishna mwenyewe, kwenye kitabu kitakatifu cha Gita, sura ya 12: wanaokuabudu wewe na wanaomtafuta asiyeonekana, nani zaidi? Krishna akasema wote wanamfikia, ila njia ya asiyeonekana ni ngumu kwa mwenye mwili. Elimu hakuitaja. Halafu mleta mada, umemchukua Ramana nusu. Kabla hajaondoka Madurai alikuwa akienda hekalu la Meenakshi, anasimama mbele ya sanamu za watakatifu 63 wa mungu Shiva, analia. Mlima wenyewe aliutungia nyimbo za kuubembeleza. Na juu ya kaburi la mama yake, aliyefariki 1922, lilijengwa hekalu, likazinduliwa 1949 naye yupo.

Mleta mada
Sijamtukana bibi ya mtu, nimezungumzia njia. Shankara, mwanafalsafa wa zamani wa njia hii ya maarifa, alifundisha kwamba tendo haliondoi ujinga kwa sababu halipingani nao. Maarifa tu ndiyo yanayouondoa. Mtu anaweza kuimba maisha yake yote na bado akaamini kwamba yeye ni huu mwili.

MjukuuWaMombasa
Neno "wasiosoma" liko hapo juu, kila mtu analiona. Na Ramanuja, msomi kweli kweli, alimpinga Shankara kwa hoja: nafsi haipotei ikawa si kitu, inabaki ili impende Mungu. Naye alikuwa ngazi ya chini?

Fundi wa Viatu
Nyie mnagombania ngazi, mimi nauliza mlango. Ravidas wa Banaras, mshairi wa bhakti, alitoka kwa watengeneza ngozi, tabaka lililohesabiwa najisi. Kule Vaikom, Kerala, mwaka 1924 watu walianza kugoma ili tu wa tabaka za chini waruhusiwe kutembea barabara zinazolizunguka hekalu. Mahekalu ya Travancore, ufalme wa huko huko, yalifunguliwa kwa Wahindu wa tabaka zote 1936, kwa amri ya mfalme. Dada, huyo bibi angemruhusu mtengeneza ngozi aingie jikoni?

MjukuuWaMombasa
Bibi yangu usimguse. Humjui.

Fundi wa Viatu
Simgusi, nauliza. Hata kwenye ashram ya Ramana, makao yake na wafuasi wake, Wabrahmini, tabaka la makuhani, walikula upande wao na wengine upande wao. Watu wanashinda wanajiuliza "mimi ni nani", kengele ya chakula ikilia kila mmoja anakumbuka yeye ni nani.

Msomaji_Kisutu
Ramana mwenyewe alikaa mahali ambapo pande zote mbili zinamwona. Mbona hilo umeliruka?

Fundi wa Viatu
Alikaa, na pande zikabaki mbili.

Mleta mada
Tumetoka nje ya mada. Nirudie: guru ni lazima au si lazima?

MjukuuWaMombasa
Ngoja kwanza nimjibu fundi. Msichana wa kazi alikuwa anaosha vyombo vyote vya nyumba isipokuwa vya Krishna. Hivyo alivishika bibi peke yake. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza sababu, akasema ndivyo alivyolelewa kwao. Hilo silitetei, na nilimwambia hivyo hivyo usoni. Ila wewe mleta mada, la "wasiosoma" bado hujaliomba radhi, na mimi sihami hapa.