Kalamu za wino za kukusanya au biki ya kila siku?

Mkusanyaji_Pangani: Wakuu, tulinganishe. Katika kalamu zangu za wino, niipendayo kuliko zote ni Parker 51, toleo lililoingia sokoni mwaka 1941. Nibu yake, yaani kile kipande cha mbele cha kuandikia, imefichwa ndani ya ganda, inachungulia ncha tu, hivyo wino haukauki upesi hata ukisita katikati ya sentensi. Wino unateremka wenyewe, huhitaji kukandamiza. Nyumbani wananiuliza, pesa yote hiyo ya nini na biki zipo? Ninyi mnatumia ipi?

Karani_Ghala: Mkuu, kazini kwangu biki tu. Najaza hati za kupokea mzigo, nakala tatu na kaboni katikati. Ya tatu isomeke lazima ukandamize, na nibu ukiikandamiza hivyo meno yake yanatanuka, hayarudi tena. Bic Cristal ipo tangu 1950 na sioni cha kuongeza: ina pembe sita, haibiringiki mezani, na wino uliobaki unauona kwa nje. Mtu akiiazima asiirudishe, unachukua nyingine.

Mwalimu_Hati: Karani, kwa kaboni nakubali. Ila mimi nasahihisha insha jioni, na nikifika katikati ya rundo biki imeshaniumiza kidole. Kwa hiyo natumia Lamy Safari, iliyotolewa mwaka 1980 kwa ajili ya wanafunzi. Nibu ni ya chuma, na pale pa kushika pamechongwa vidole vikae sawa. Shida yangu ni karatasi. Daftari la bei nafuu linanyonya wino, herufi zinavimba na kutokea upande wa pili. Chukueni nibu nyembamba. Za Kijapani, kama Pilot, kwa kawaida huandika mstari mwembamba kuliko za Ulaya zenye alama ileile ya unene.

Fundi_Nibu: Niongeze kuhusu bei. Nibu ikiwa ya dhahabu au ya chuma, kinachogusa karatasi ni punje ndogo ya aloi (mchanganyiko wa metali) ngumu iliyochomelewa nchani. Ukinunua kalamu ya kifahari kama Montblanc 149 unalipia dhahabu, kazi ya mikono na jina, na hiyo ni haki yako. Nisichokubali ni kuifungia kabatini ikiwa na wino. Wino ukikaukia ndani unaziba njia. Na msitie wino wa kuchorea wenye sheleki, ule utomvu wa kutengenezea vanishi, huo ni sumu kwa kalamu hizi.

Mkusanyaji_Pangani: Asanteni sana. Fomu nitajaza kwa biki, barua na shajara kwa 51. Fundi, yangu ni ile ya kujaza wino kwa kubonyeza mfuko ulio ndani. Naioshaje?

Fundi_Nibu: Maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Tumbukiza ncha, bonyeza na kuachia mpaka maji yatoke safi. Kisha isimamishe ncha chini juu ya kitambaa, ibaki hivyo hadi asubuhi. Ganda usilifungue.