Hela ya utafiti inatoka Mei, Juni inarudi Hazina. Sisi tupande lini?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo naandika, atakayenuna anune.

Kila wiki kwenye kundi la WhatsApp la wahadhiri wa kitivo chetu kuna mkubwa anatubandikia matangazo. Ruzuku hii, ruzuku ile, mwisho wa maombi Ijumaa saa sita usiku. Chini anaongeza, "Wanasayansi wetu, changamkieni fursa!" na vidole gumba vitatu. Halafu kwenye kikao tunaulizwa kwa nini machapisho ni machache na kwa nini wanafunzi wa uzamivu hawamalizi. Mwananchi naye akisikia redioni kwamba serikali imetenga mabilioni ya utafiti, anajua moja kwa moja kwamba sisi ndio tumezila.

Humu jukwaani pia naona mnapigizana kelele kuhusu kiasi cha hela ya utafiti. Zimetengwa ngapi, nani kapata ngapi, Chuo Kikuu cha Makerere wanapendelewa. Makerere walipoanza kupewa shilingi bilioni 30 za Mfuko wa Utafiti na Ubunifu mwaka wa fedha 2019/20, hata sisi wa vyuo vya mikoani tulishangilia, tukajua zamu yetu inakuja. Sizungumzii Makerere hapa, nazungumzia chuo chetu cha serikali huku mashariki mwa Uganda, na sitakitaja jina kwa sababu bado nakula kwake. Kwetu tatizo si kiasi. Tatizo ni tarehe.

Mimi natafiti kiduha, wengine mnakiita gugu chawi. Kama hukukulia Tororo, Busia au Pallisa huenda hukijui. Ni mmea mfupi wenye maua ya zambarau, mazuri kweli, mgeni anaweza kuyachuma akayaweka mezani. Chini ya ardhi kimeng'ang'ania mizizi ya mahindi, mtama au ulezi, kinanyonya. Shina moja humwaga mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi la unga, na mbegu hizo hulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi upite karibu. Mkulima anaona mvua ipo, mbolea katia, na mahindi bado yamedumaa na kukunja majani kama yamepigwa na jua la Januari. Kazi yangu ni kujua mchanganyiko upi wa mazao unapunguza mbegu hizo kwenye udongo wa wakulima wetu, siyo kwenye udongo wa maabara ya mtu mwingine.

Sasa fuateni kalenda ya mmea huu. Mvua za kwanza huku zinaanza Machi. Unapanda na mvua, huwezi kupanda na barua. Kiduha kinaanza kuchomoza wiki kadhaa baadaye, na unapaswa kuwa shambani wiki ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili kuhesabu mashina, kiploti kwa kiploti. Mavuno ni Julai hadi Agosti. Hapo ndipo unapima uzito, unachukua udongo tena, unapata jibu.

Kisha fuateni kalenda ya hela. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inasema fedha ambazo hazijatumika mwaka unapofungwa zirudi Mfuko Mkuu wa Serikali. Sina ugomvi na sababu ya sheria hiyo, najua kwa nini hatutaki mtu akalie hela ya barabara miaka mitatu. Lakini kwetu tangazo la ndani la ruzuku hiyo linatoka Septemba. Maandiko ya kuomba ruzuku yanasomwa mpaka Novemba. Washindi wanatangazwa Desemba kwa picha ya pamoja na keki. Januari mkataba unatafuta sahihi, na mwenye sahihi yuko safarini. Kwa kuwa nitawahoji wakulima, lazima nipite kamati ya maadili, kisha nisajili utafiti Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kote huko kuna ada, na ada inatakiwa kabla ya ruzuku kuingia, kwa hiyo natoa mfukoni. Hela yenyewe inafika kwenye akaunti ya mradi mwishoni mwa Aprili ukiwa na bahati, Mei ukiwa wa kawaida.

Mei! Mahindi ya watu yamefika magotini. Na kabla hujamaliza kusoma ujumbe wa benki, waraka wa mhasibu unakuja: maombi yote ya malipo yawasilishwe kabla ya katikati ya Juni, mfumo unafungwa.

Mnajua watafiti wanafanya nini kwenye wiki hizo? Wananunua laptopu. Nendeni mkaangalie ofisi zetu mwezi Juni, mtadhani ni duka la Kampala Road. Laptopu, printa, wino wa printa wa kutosha kuchapa Biblia, na warsha. Warsha ndiyo dawa ya Juni. Unakodi ukumbi wa hoteli, unatengeneza bango, unaalika wadau, chai ya saa nne na mandazi, posho ya usafiri, kila mtu anasaini karatasi ya mahudhurio, hela imeisha. Ripoti inaandikwa: fedha zimetumika kwa asilimia 100. Mkaguzi anafurahi, Chuo kinapongezwa kwa kumaliza bajeti, mwaka unaofuata kinaongezewa. Shina moja la kiduha halijahesabiwa. Anayekataa kununua laptopu ya tano, akasema "nisubirini nivune Agosti," yeye ndiye anaandikwa kwamba ameshindwa kutumia fedha, na andiko lake linalofuata halipiti. Yaani mfumo unamlipa anayejifanya anatafiti na kumwadhibu anayetafiti. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ufinyu wa hela.

Mwaka mmoja nikasema potelea mbali, nikapanda kwa hela yangu mwezi Machi nikitarajia kujirudishia. Shamba la majaribio linahitaji vigingi vya kugawa viploti, mamia ya vigingi. Nikavinunua kwa mzee mmoja kijijini anayekata miti ya mikaratusi, mtu muungwana, akanichongea vyote ncha, akanitolea stakabadhi ya daftari yenye dole gumba lake. Nikaipeleka kwa mhasibu.

"Daktari, risiti ya EFRIS iko wapi?" Yaani ile risiti ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi.

Nikamwambia mama, huyu ni mzee anauza fito chini ya mwembe.

"Basi ungenunua kwa mwenye EFRIS. Na profoma tatu, ankara za bei za wauzaji watatu."

Profoma tatu za fito! Wafanyabiashara wa Kampala wenye maduka ya ghorofa walifunga maduka Aprili 2024 wakiilalamikia EFRIS hiyo hiyo, sembuse mzee wa panga. Vibarua waliopalilia nao, sharti walipwe kwa simu kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lao. Wengine wanatumia laini ya shemeji. Malipo yao yalikataliwa kwa sababu jina halilingani. Sikulipwa vigingi mpaka leo, na vibarua niliwalipa kutoka kwenye mshahara. Lakini ningeomba tableti ya milioni nne ingepita asubuhi hiyo hiyo, maana muuzaji ana mashine ya risiti.

Msidhani ni sisi wa mashamba tu. Kuna dada mmoja wa kitivo cha elimu, anafundisha walimu wa sayansi. Mnakumbuka mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ule wa umahiri. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024. Yeye alitaka kukaa madarasani na hao watoto kabla ya mtihani, aone mwalimu wa kemia asiye na maabara anaifundishaje hiyo miradi ya vitendo na anaitoaje alama. Kundi la kwanza ni moja tu katika historia. Hela ikaingia shule zikiwa zimefunga muhula wa kwanza. Zilipofunguliwa na yeye kukamilisha makaratasi yake, akaunti ya mradi ilikuwa inafungwa. Watoto wamefanya mtihani, wametawanyika. Yeye ana printa mpya.

Najua mtakachosema. Kimbilieni wafadhili. Tumekimbilia, tena tangu zamani. Waswidi waliisaidia Makerere tangu 2000, na maprofesa wengi mnaowaona leo walipikwa na hela ile. Lakini hamuoni upepo ulipogeukia? USAID, shirika la misaada la Marekani, lilifungwa Julai 2025. Mei mwaka huo huo NIH, taasisi za Marekani za utafiti wa afya, ilitangaza kwamba inasitisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kummegea mshirika wa nje, na huo ndio mlango ambao vijana wetu wengi wa afya walikuwa wanaingilia. Hata mlango ulipokuwa wazi, taasisi ya nje ya Marekani ililipwa nyongeza ya asilimia 8 tu ya gharama za mradi kwa kuendeshea ofisi, wakati vyuo vikubwa vya kwao vinazoea zaidi ya 50. Ndiyo maana ofisi yetu ya ruzuku ina mtu mmoja, meza moja na feni mbovu, na anatakiwa kuijua mifumo ya kujisajili ya Washington, Brussels na London yote. Simlaumu yule kijana hata kidogo. Na kusema kweli mfadhili wa nje anakuja na orodha yake. Malaria imo, Virusi vya Ukimwi vimo, na ni sawa vimo. Kiduha hakimo. Kiduha hakipandi ndege.

Halafu kuna wale wa "wanasayansi si mliongezewa mishahara 2022?" Tuliongezewa, na tunashukuru. Mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye digrii alipandishwa hadi milioni 4, wenzetu wa sanaa wakagoma Juni ile, na walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini mshahara ni wa karo na ugali. Siyo bajeti ya maabara, japo naona Chuo kimeanza kuuhesabu hivyo kimyakimya.

Ninachotaka ni kidogo mno kiasi kwamba naona aibu kukiandika. Hela ya utafiti iliyokwisha kusainiwa ikae kwenye mfuko unaovuka Juni. Majirani wamelifikiria hili siku nyingi. Watanzania wana MTUSATE, mfuko wao wa kuendeleza sayansi na teknolojia, chini ya tume yao ya sayansi, COSTECH; Wakenya waliandika Mfuko wa Taifa wa Utafiti ndani ya sheria yao ya sayansi ya 2013. Sisemi kwao ni peponi, marafiki zangu wa Eldoret na Morogoro nao wanalia kivyao, na kilio chao nakijua. Lakini angalau wana mfuko wa kugombania. Na kama hilo ni gumu kwa waheshimiwa, basi tangazo litoke Aprili, uchambuzi uishe Juni, mikataba isainiwe wiki ya kwanza ya Julai. Hiyo haihitaji Bunge. Inahitaji mtu mmoja abadilishe tarehe kwenye waraka. Nimeliandikia hilo hadi juu kabisa Chuoni, nikajibiwa kwamba pendekezo limepokelewa.

Mlioko vyuo vya Gulu, Mbarara, Kyambogo, Busitema, hebu semeni kwenu inakuwaje. Kuna aliyefanikiwa kuvusha hela ya serikali kupita 30 Juni kihalali? Kwa njia gani? Msinijibu inbox, jibuni hapa wote wasome.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Kwa aliyeandika "mnalilia posho", rudi usome tena, posho ndiyo kitu pekee ambacho mfumo huu unalipa vizuri.

Kwa aliyeuliza kwa nini nisipande msimu wa pili: swali zuri, nalijibu. Msimu wa pili tunapanda Agosti na Septemba. Hela ya mwaka uliopita imesharudi Hazina 30 Juni. Hela ya mwaka mpya bado haijatangazwa, maana tangazo ni Septemba, tumeshaliona hapo juu. Tena mvua za pili upande wetu ni fupi, zikikata Oktoba unahesabu mabua makavu, na majarida yanataka misimu miwili ya data, siyo mmoja. Kwa hiyo hata nikipanda msimu wa pili kwa hela yangu, bado nadaiwa msimu wa kwanza, ambao hela yake inatoka Mei.

Swali lingine?