Kisoma-vitabu au kitabu cha karatasi kwa usomaji wa kila siku: kipi kinashinda wapi?

Msomaji_wa_Usiku

Wadau, kila mada hii inapoletwa huishia kwenye harufu ya karatasi. Hiyo tuiweke kando. Tulinganishe vinavyopimika: uzito, macho, kupekua, faili, na nini huharibika kwanza. Nazungumzia vifaa vya wino wa kielektroniki (Kindle, Kobo, PocketBook na wenzao), si simu wala kishikwambi.

Naanza na uzito maana unahesabika. Kitabu cha kurasa 400 kina karatasi 200. Ukurasa wa sm 13 kwa 20 ni mita za mraba 0.026, zidisha mara 200 upate 5.2. Karatasi ikiwa ya gramu 80 kwa mita ya mraba, una gramu 416 kabla ya jalada. Ikiwa ya gramu 60, ni 312. Kifaa cha inchi 6 kwa kawaida hakifiki gramu 200, na kitabu cha kurasa 1,000 hakikiongezei kitu. Kwa anayesoma amelala chali, hapo karatasi imeshashindwa. Kwingine sina haraka ya kuhukumu.

Fundi_Skrini

Kwenye macho ndiko watu wanakochanganya mambo, mkuu. Skrini hii haitoi mwanga wake yenyewe. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, kila rangi na chaji yake. Umeme ukipita, rangi moja hupanda juu na nyingine huzama. Zikishatulia hazihitaji umeme kubaki pale, ndiyo maana chaji moja huenda hata wiki kadhaa. Taa, kama zipo, zimepangwa ukingoni na humulika uso wa skrini kutoka mbele. Juani ndipo maandishi yanapokolea zaidi, kinyume kabisa cha simu.

Kabla ya kununua angalia ukali wa skrini: nukta 300 kwa inchi. Kwenye 167 au 212 herufi ndogo huota kingo za msumeno. Skrini za rangi za Kaleido 3 zina nukta 300 kwa maandishi meusi lakini 150 tu kwa rangi, na kichujio cha rangi kilicho juu yake hufanya ukurasa uwe wa kijivu. Kama unasoma riwaya tu, usihangaike na rangi.

Kivuli cha ukurasa uliopita si ubovu. Ni chembe ambazo hazikurudi zote. Ingia kwenye mipangilio, uweke skrini ijisafishe yote kila ukurasa au kila sura.

Ugonjwa unaoua vifaa hivi ni kubanwa. Vingi vina kioo chembamba nyuma ya tabaka la wino. Mkoba ukijaa, funguo au chaja ikakandamiza katikati, kioo hicho hupasuka huku uso wa juu ukiwa mzima. Dalili yake ni mistari isiyofutika hata ukiwasha upya. Hapo ni kubadilisha skrini nzima. Jalada gumu si pambo.

Mjalidi

Karatasi nayo ina maradhi yake. Kabla hujasifu kitabu, kiinamishe utazame kichwa cha mgongo. Ukiona mafungu ya karatasi zilizokunjwa, fungua katikati ya fungu moja. Ukikuta uzi, kimeshonwa, kitafunguka hadi kulala bapa. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kuzamishwa kwenye gundi, hiyo ni gundi peke yake. Ile ya kawaida inayoyeyushwa kwa joto hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na ukikifungua kitabu kwa nguvu mgongo unakatika palepale. Ikiachwa ndani ya gari juani hulainika, kurasa zinaanza kuchomoka.

Kitabu kipya cha gundi kifunguliwe hivi: simamisha mgongo juu ya meza, laza jalada la mbele, kisha la nyuma. Shika kurasa kama kumi za mbele, zilaze na upitishe kidole taratibu kando ya mgongo. Fanya hivyo kwa kumi za nyuma. Endelea kwa zamu hadi katikati. Ni dakika chache tu, na kitabu kinadumu zaidi.

Karatasi ya bei nafuu inageuka njano kwa sababu ya lignini iliyobaki kutoka kwenye mti, mwanga huharakisha. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi, tegemea ukungu. Usibandike rafu kwenye ukuta wenye unyevu, acha nafasi hewa ipite.

Bibi_Faharasa

Mmeruka kupekua, na kwangu hilo ndilo linaloamua. Riwaya husomwa mbele kwenda mbele, kifaa kinatosha. Kitabu cha sarufi, cha hesabu, chochote chenye majedwali na maelezo ya chini, kinataka vidole vitatu kwenye kurasa tatu kwa mpigo. Kifaa hakikupi hilo.

Na tafiti zipo. Uchambuzi wa Delgado na wenzake wa mwaka 2018 ulijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000: kwenye matini ya maarifa karatasi iliongoza kwa uelewa; kwenye hadithi tupu tofauti haikuonekana.

Fundi_Skrini

@Bibi_Faharasa nakubali, ila tafiti nyingi za humo ni za kompyuta na skrini za kawaida. Mangen na wenzake (2019) walitumia Kindle hasa, kwa hadithi ya kurasa 28. Uelewa wa jumla ulikaribiana. Wa karatasi waliwazidi wenzao kwenye kupanga matukio yalivyofuatana. Kwa riwaya ya jioni sioni kama hilo ni kubwa.

Bibi_Faharasa

Si kubwa, hadi riwaya iwe na wahusika ishirini na masimulizi yanayorudi nyuma. Hapo utatamani karatasi.

Kamusi_Mfukoni

Kwa wanaosoma Kiswahili kuna jambo la kujua mapema. Kamusi inayotafuta neno lile lile ulilogusa inakwama kwenye viambishi. Gusa "hawakunipatia": itatafuta "hawakunipatia", nayo kamusini haimo. Inabidi uandike "pata" mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafuta. Ukitaka kuongeza kamusi yako, KOReader (programu ya kusomea inayowekwa kwenye kifaa) hukubali za muundo wa StarDict.

La pili ni mpangilio. Maneno yetu ni marefu. Mistari ikinyooshwa pande zote mbili, katikati yanabaki mapengo ya ajabu. Chagua ulinganifu wa kushoto. Ukiona maneno yanakatwa mahali pa kuchekesha mwishoni mwa mstari, huenda faili limeandikwa kuwa ni la Kiingereza. Lifungue kwenye Calibre (programu ya kompyuta ya kupanga na kugeuza vitabu pepe), hariri taarifa za kitabu, badilisha lugha iwe Kiswahili, kisha ligeuze upya.

Msomaji_wa_Usiku

Asanteni. PDF je? Na umiliki?

Fundi_Skrini

PDF ya A4 kwenye inchi 6, sahau. A4 ina upana wa sm 21, skrini ina kama sm 9. Herufi ya pointi 11 inashuka chini ya 5. Tafuta EPUB, ambayo maandishi yake hujipanga upya kwa ukubwa unaoutaka, au nunua kifaa cha inchi 10. PDF iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ipitishe kwanza kwenye k2pdfopt, programu inayozipanga upya kurasa za PDF zitoshee skrini ndogo.

EPUB ukiinakili kwenye Kindle kwa waya haitafunguka. Itume kwa huduma ya Send to Kindle, au igeuze kuwa AZW3 (muundo wa faili wa Kindle) kwenye Calibre ndipo uinakili kwenye folda ya "documents". Kobo husoma EPUB moja kwa moja.

Umiliki: kitabu pepe chenye kufuli la kidijitali (DRM, linalozuia kunakili) ni leseni tu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za George Orwell zilizokuwa tayari kwenye Kindle za wateja, ikarudisha pesa na baadaye kuomba radhi. Februari 2025 iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Ukiweza, nunua palipoandikwa kuwa faili halina kufuli, uweke nakala mbili.

Mjalidi

Na kile utakachotaka kumwazima mtu, kinunue cha karatasi. Kilichoshonwa.