Riwaya ya mduara wetu: Peponi au Vuta n'kuvute? Na vitabu vya watoto pia

BintiKibokoni
Asalaam alaikum nyote. Tuna mduara wa kusoma hapa Mji wa Kale, Mombasa, hukutana Jumamosi baada ya alasiri. Riwaya tuliyokuwa nayo imekwisha, na Ijumaa nakwenda dukani kununua nyingine. Nimebaki na mbili mkononi: Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Nataka na vitabu vya watoto, kwa sababu kina mama huja na wana wao, na wale wana hukaa pembeni wakigombania simu. Nyinyi mmesoma nini karibuni kikawashika?

Mwalimu_Changamwe
Waalaikum salaam. Dada, swali lako halijakamilika. Mko wangapi? Una shilingi ngapi? Watoto wana umri gani? Kitabu cha mtoto wa miaka minne hakimfai wa miaka kumi, kwa hiyo ukisema "watoto" tu hatuna pa kuanzia.

BahariaLikoni
Vuta n'kuvute, usijiumize kichwa. Nimemaliza kuisoma tena wiki iliyopita. Yasmin anaozwa angali msichana wa miaka kumi na mitano kwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa kabisa, kisha Raza anahamia naye hapa hapa Mombasa. Msichana hakai, anatoroka kurudi Unguja, na kule anamkuta Mwajuma na baadaye Denge mwenye siasa zake. Mazungumzo yake yana joto. Mkiisoma kwa sauti kila mtu atachukua mhusika wake bila kugawiwa.

UmmuSabra
Kaka Baharia, nakuheshimu, lakini mimi ni Peponi. Yusuf ana miaka kumi na miwili, anaambiwa anasafiri na yule tajiri anayemwita ami. Anapanda gari moshi kwa furaha ya kitoto, na ni baadaye ndipo anatambua kwamba babake amemweka rehani kwa sababu ya deni. Hakuna aliyemuuliza, na hata mamake hakusema kitu. Nilifunga kitabu nikakaa kimya, maana mambo ya wakubwa kuamua na mtoto kubebeshwa bado tunayaona majumbani mwetu. Kisha ile misafara ya kwenda bara, wapagazi, hongo kwa kila mtemi njiani, na Wajerumani wanaingia taratibu mpaka nchi si ya wenyewe tena. Watu wanaisifia kwa ajili ya tuzo ya Nobel aliyoipata Gurnah 2021. Mimi naisifia kwa ajili ya Yusuf.

Mwalimu_Changamwe
Peponi ni nzuri, sikatai, ila ni riwaya ya kusoma peke yako usiku. Inakwenda polepole na mengi hayasemwi wazi. Katika mduara wa Jumamosi, anayekosa kikao kimoja ameachwa. Dada BintiKibokoni bado hujatujibu.

BintiKibokoni
Samahani, nilikuwa jikoni. Tuko tisa. Pesa tulizochanga ni elfu sita, za riwaya na za watoto pamoja. Watoto ni wa miaka minne hadi kumi na mmoja. Na katika sisi tisa, wawili ni wasichana wa kidato cha pili, wameletwa na mama zao.

UmmuSabra
Hilo la wasichana ndilo ulipaswa kuanza nalo! Sasa mambo yamebadilika.

BahariaLikoni
Yamebadilika nini? Yasmin ana umri wao hasa. Nani anahitaji kisa cha msichana aliyeozwa bila kuulizwa kuliko msichana wa kidato cha pili?

BiZuhura_Tudor
Wanangu, kabla hamjafika kwenye maudhui, tuzungumzeni pesa, maana elfu sita kwa watu tisa na watoto juu hazitoshi nakala ya kila mtu. Na hapo ndipo mtu hujikuta kwenye nakala za bei rahisi. Nawaeleza yaliyonipata ili msiyapitie.

Kikundi chetu cha kina mama kilichagua Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Nikapata muuzaji wa barabarani, kijana mwenye adabu, akanambia anazo nyingi na kila moja ni nusu ya bei ya dukani. Nikachukua za kundi zima. Jalada lilikuwa limepauka kidogo, nikadhani ni jua. Tukaanza kusoma. Wiki ya kwanza salama, kila mtu anamlaani Bwana Maksuudi kwa anavyomfungia Maimuna ndani. Wiki ya pili bibi mmoja akasema hajui tunasoma wapi. Kumbe chake kina kurasa zilezile mara mbili, na zinazofuata hazimo. Mwengine chake maneno ya mwisho wa mstari yamekatwa yote. Changu mimi kilibanduka gundi, karatasi zikawa zinaanguka mapajani kama majani ya mwembe. Tulikuwa tumefika pale Maimuna ametoka nyumbani kwao, kila mtu roho juu anataka kujua atafikia wapi, na nakala nzima hata moja hakuna. Nikarudi kwa yule kijana, akasema yeye huletewa tu, hajui zinapigwa chapa wapi. Pesa sikurudishiwa. Lililoniuma zaidi ni kwamba wawili katika kundi hawakurudi tena, na mmoja wao ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma riwaya nzima katika maisha yake. Alidhani shida ni yeye, kwamba haelewi, kumbe kitabu ndicho kibovu.

Kwa hivyo ukifika kwenye meza, fungua katikati. Tazama kama kurasa zinafuatana, kama pambizo zimenyooka, kama wino ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Bei ikiwa chini mno, uliza kwa nini.

KijanaMvita
Pole sana bi. Lakini tusiwalaumu wauzaji peke yao. Tangu 2013 hapa Kenya vitabu vinatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, sawa na bidhaa nyingine. Mzazi akishamaliza vitabu vya shule, cha kusoma kwa raha atakinunua na nini? Hapo ndipo bandia inapopatia soko.

BiZuhura_Tudor
Kodi naijua mwanangu, na inanikera kama inavyokukera. Lakini kitabu kisicho na kurasa hata ungepewa bure ni hasara. Na mwandishi naye hapati hata senti.

Mwalimu_Changamwe
Kwa elfu sita mimi ningenunua nakala tatu halali, watu watatu kwa kitabu kimoja, mmoja akisoma kwa sauti. Na kabla ya kununua, pita maktaba ya taifa pale Msanifu Kombo ukaangalie walicho nacho. Mtu akishaonja kurasa ishirini atajua kama anataka.

Msomaji_Kisauni
Mbona hakuna anayemtaja Bwana Msa, yule mpelelezi? Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, imetoka 1960 na mpaka leo haijachakaa. Kuna maiti, kuna kiko cha Bwana Msa, kuna Najum anayeuliza yale ambayo na wewe ungeuliza. Wasichana wa kidato cha pili watasoma mpaka taa izimwe. Huzuni za ndoa wataziona tu maishani, waacheni kwanza wapende kusoma.

UmmuSabra
Ikipatikana! Mimi nimeitafuta sana sijaiona dukani.

Nuru_F4
Shikamooni. Mimi niko kidato cha nne na ninaomba kusema kitu kuhusu hao wasichana. Msiwape kitabu chochote kilichowahi kutahiniwa. Sisi tukiona Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri tunaona maswali tu: jadili maudhui, fafanua sifa za mhusika. Chozi la Heri nimelia nalo kweli, lakini nilikisoma upya likizo, bila kalamu mkononi, ndipo kikaniingia. Shuleni tulikisoma kwa kuvizia mtihani.

Mwalimu_Changamwe
Marahaba mwanangu. Ila usikifanye kitabu kuwa na hatia kwa sababu ya mtihani. Nimefundisha miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi kitabu cha kutahiniwa ndicho riwaya pekee waliyoifungua. Bila KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, wasingesoma hata hiyo.

Nuru_F4
Sawa mwalimu, lakini wakimaliza mtihani ndiyo basi, hawafungui kingine. Kwa nini?

KijanaMvita
Binti ameuliza swali la maana na naona mwalimu amenyamaza.

Mwalimu_Changamwe
Sijanyamaza, nilikuwa darasani. Jibu ni kwamba hatuwasomei. Tunawachambulia. Ningekuwa na kipindi kimoja kwa wiki cha kuwasomea tu bila swali, ningefurahi, lakini silabasi haina nafasi hiyo.

MamaTwins_Bamburi
Naomba turudi kwa watoto, maana naona wamesahauliwa. Wangu wana miaka sita. Kinachotembea kwetu ni hekaya za Abunuwasi. Ile ya sufuria: anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na ndogo ndani, anasema imezaa, na jirani anakubali kwa tamaa. Mara ya pili harudishi, anasema imekufa. Wangu waliomba nirudie mpaka nikachoka, na sasa wao ndio wananisimulia mimi. Si lazima kiwe na picha nzuri, kinatakiwa kiwe na kisa kinachosimulika.

Kwa wale wa miaka minne, kuna African Storybook. Ni hadithi za bure mtandaoni, nyingi ziko kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno ya kwanza hadi zile za kusomewa na mtu mzima. Leseni yake ni huria, kwa hivyo kuchapisha si wizi. Peleka kwa mtu wa fotokopi, kunja, piga pini, kila mtoto anaondoka na chake. Elfu sita zako karibu zote zinabaki kwa riwaya.

BintiKibokoni
MashaAllah, hilo sikulijua. Ahsante sana mamangu.

UmmuSabra
Na wale wa miaka kumi na kumi na mmoja mpe Ndoto ya Amerika ya marehemu Ken Walibora. Wavulana wenye ndoto ya Marekani, na mwanangu aliimaliza bila kusukumwa. Wakikua kidogo waingie Siku Njema, yule Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta babake.

BahariaLikoni
Siku Njema ndiyo iliyonifanya mimi msomaji. Lakini kama ni Adam Shafi na hamtaki Vuta n'kuvute kwa sababu ya mabinti, basi chukueni Kuli. Makuli wa bandari ya Unguja, Rashidi, mgomo wa 1948. Babu yangu alikuwa kuli Kilindini, bandarini hapa Mombasa, na nilipoisoma niliona mabega yake.

KijanaMvita
Na ujue mgomo wa hapa kwetu ulitangulia ule. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama, bandari na reli. Chege Kibachia akawa kiongozi wa wafanyakazi, kisha serikali ikamkamata. Riwaya yake iko wapi? Wazanzibari wameandika bandari yao, sisi yetu tunasimuliana barazani tu.

BahariaLikoni
Babu alikuwa akiutaja. Alisema walilala na njaa lakini hakuna aliyepanda melini.

Msomaji_Kisauni
Mrekodi mzee kabla hajaondoka!

BahariaLikoni
Ameshatangulia, Mungu amrehemu. Rafiki yake mmoja yupo Mtongwe, nitamwendea.

UmmuSabra
Nenda wiki hii, usingoje.

BintiKibokoni
Ya watoto nimeyashika, kesho naanza kuchapisha. Ya riwaya bado nimegawanyika. Mama wa mmoja wa wale mabinti ameipenda Kuli nilipomtajia, wengine wameng'ang'ania Peponi. Kuna mwenye nakala ya Kuli ya kuazima, tuionje Jumamosi hii kabla sijatoa pesa?

BahariaLikoni
Ninayo, ila imechanika jalada. Navuka feri kesho asubuhi, nitakuwa Mwembe Tayari mpaka adhuhuri. Nitumie ujumbe.

Nuru_F4
Mkimaliza, naomba niwe wa pili.